Chipu Chali Mfukoni mwa Mzee Melkiadi

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa kiti cha kukunja, kitenge cha kijani na chupa ya chai. Maana yake kaa, jifunike, kunywa, utuache tufanye kazi. Ujumbe niliupata. Halafu hazikupita wiki nyingi mkaanza kunipigia simu kila asubuhi. Mama Vero, ule waya mwembamba uliuweka wapi? Mama Vero, mashine ya kunyonya makohozi inakoroma, tufanyeje? Mwishowe Shija, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, akasema bora niandike yote mara moja ili simu yangu ipumzike. Haya, naandika. Habari za vyeo na madaraja ya mshahara nimeziacha. Hizo ziko kwenye faili, na sijawahi kuona faili limetengeneza mashine.

Niko barazani kwangu Nsemulwa, hapa Mpanda, kwenye kiti chenu. Ni kizuri, asanteni, ingawa boliti ya kushoto mliifunga kinyume. Nimeshairekebisha.

Niliingia karakana ya hospitali nikiwa na cheti kipya cha ufundi na viatu vya kubana. Aliyenipokea ni Mzee Melkiadi, ambaye wengi wenu mmemsikia tu. Mtu mfupi, mabega mapana, mkazi wa Katumba. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na Kiswahili chake kina mwendo wa Kirundi mpaka leo. Alikipokea cheti changu kwa mikono miwili, akakisoma mpaka chini, akakirudisha. Kisha akanipa feni iliyoungua.

"Fungua koili," akasema. "Usikate waya."

Nilifungua koili siku nzima. Waya wa feni ni mwembamba kama unywele wa mtoto na umepakwa vanishi. Ukivuta kwa hasira unakatika, ukilegeza unajifunga mafundo. Nilidhani ananitesa kwa sababu ni mwanamke. Jioni alichukua ule waya wote, akauzungusha kwenye kijiti, akauweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ndio huo mnaoniulizia. Kopo liko rafu ya juu, nyuma ya taa mbovu za chumba cha upasuaji. Kabla ya kuutumia, kwangua vanishi nchani kwa wembe, la sivyo risasi ya kuchomelea haitashika. Sasa mmejua, msinipigie.

Kuanzia siku ile aliniita mwanafunzi. Nilipoolewa, mwanafunzi. Nilipozaa, mwanafunzi, mtoto hajambo? Nilipoitengeneza peke yangu ile mashine ya kupasha joto watoto njiti, umeme ukiwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na muuguzi amembeba mtoto kifuani akisubiri nimalize, Mzee alikuja, akaweka kiganja juu ya godoro, akasema, "Inafanya kazi." Akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote kwake. Hakuwa na "hongera," hakuwa na "safi sana." Na neno fundi alilitunza. Fundi alikuwa mtu mmoja tu, marehemu mwalimu wake. Siku Mzee alipostaafu na kunikabidhi funguo, mbele ya matroni na daktari, alisema, "Mwanafunzi, kufuli hili unalinyanyua kidogo ndipo linafunguka." Nilicheka, lakini mh, liliniuma kidogo.

Nirudi nyuma kabla hajastaafu. Jumamosi mchana, kazi za wodi zikiisha, tulikuwa tunabaki karakana kufanya mambo ambayo hayakuwa ya hospitali wala ya mtu yeyote. Mzee aliita kucheza. Tulitengeneza redio kutokana na mabaki, taa ya betri ya chooni, kengele ya banda la kuku inayolia mlango ukiguswa. Ile kengele ilimwamsha jirani yangu mara nyingi kuliko ilivyomfukuza mwizi. Hatukuwa na bodi za kiwandani. Tulichukua kipande cha mbao au plastiki, tukapanga vitu juu yake na kuviunganisha kwa waya wa feni, mmoja mmoja, kwa mkono.

Sasa, ukichomelea unahitaji mikono mitatu. Mmoja wa pasi ya kuchomelea, mmoja wa risasi, na mmoja wa kushika kile kitu kisikimbie. Mkono wetu wa tatu ulikuwa nta ya nyuki. Wajomba zangu wa Usevya walikuwa na mizinga porini, na kila wakija mjini walileta bonge la nta limefungwa kwenye jani. Unamega kiasi cha harage, unailainisha kwa vidole, unabandika, unakandamiza kifaa juu yake. Kinatulia kama kimelala. Ukimaliza, unaiacha hapohapo. Redio zetu zikipata joto zilinukia asali. Sijui mafundi wa mahali pengine wanatumia nini. Sisi tulikuwa watu wa nta, na tuliringa nayo.

Halafu dunia ikabadilika. Chipu za zamani zilikuwa na miguu mirefu inayopenya kwenye matundu ya bodi, unazishika kwa vidole kama mdudu mstaarabu. Zikaanza kuja hizi mnazozijua nyie, ambazo mafundi simu wanaziita SMD. Hizi hazipenyi popote. Zinabandikwa juu ya bodi, na huko kiwandani anayezibandika ni mashine, si mtu. Nyingine ni ndogo kama punje ya mchele wa Majimoto, na hiyo punje ina miguu minane. Zile za miguu mirefu zikaanza kupotea madukani. Mafundi wa mjini wakasema basi, mambo ya kuunga kwa mkono yamekwisha, bila bodi ya kiwandani huwezi kitu.

Mzee Melkiadi akasema, aa wapi. Akang'oa moja kwenye redio iliyokufa, akaweka kipande cha nta kwenye ubao, akailaza chipu chali, tumbo juu, miguu inaangalia bati, kama mende aliyepuliziwa dawa. Kisha akachomelea waya wa feni kwenye kila mguu. Ilimchukua mchana wote, na ulimi alikuwa ameutoa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ikaimba.

Mlioniuliza inafanyikaje, ni hivi. Waya uupake risasi kwanza, peke yake, mbali na chipu. Mguu uupake flaksi, ile dawa inayosaidia risasi ishike, kwa ncha ya kijiti cha meno. Gusanisha waya na mguu, leta pasi, gusa, toa, ukikawia umeichemsha. Usivute waya ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, uache uwe na kiuno, yaani mkunjo kidogo, maana vitu vinatanuka na kusinyaa. Ukimaliza pima kwa mita kama miguu jirani haijashikana. Usiseme unaona kwa macho. Huoni.

Na jambo moja ambalo limeunguza chipu nyingi Mpanda hii kuliko radi. Chipu ikilala chali, miguu yake inageuka. Uliyokuwa unaihesabu kutoka kushoto sasa iko kulia, na alama ya kuonyesha mguu wa kwanza imefukiwa kwenye nta. Ya kwanza niliyolaza mimi niliipelekea umeme upande usio wake, ikatoa moshi mwembamba.

"Umemsalimia mtu kisogoni," Mzee akasema.

Akaniletea karatasi ya mafuta, ile inayofungia maandazi, kwa sababu inaonyesha mpaka upande wa pili. Unachora chipu ikiwa imesimama, na miguu yote kwa namba zake, halafu unaigeuza karatasi. Mchoro unaouona kwa nyuma ndio chipu yako iliyolala. Nimefanya hivyo mpaka siku ya mwisho ya kazi, na wala sikuwahi kuona haya kununua maandazi kwa ajili ya karatasi.

Sasa nifike kwenye mwaka wangu wa mwisho, ambao ndio hasa ulinifanya nikubali kuandika.

Mzee alikuwa ameshastaafu zamani, yuko kwake Katumba analima mihogo. Akapata uvimbe kooni. Alipelekwa mbali, akatibiwa, akapona, Mungu asifiwe, lakini sauti haikurudi. Ilibaki pumzi. Akitaka kusema na wewe unaweka sikio karibu na mdomo wake, unasikia upepo wenye maneno ndani. Na mjue huyu hakuwa mtu wa kawaida kwa maneno. Kule kwao, familia ya kijana ikija kuomba mke, kila upande una msemaji wake, mzee mmoja wa kuaminika. Wanakaa wanatazamana, wanatupiana maneno. Wa upande wa binti anajifanya hajui wageni wamekuja kufanya nini. Anawauliza kama wamepotea njia. Anawakatalia, anawazungusha, anawachekesha, na mwenzake lazima ajibu papo hapo. Watu wanatoka vijiji vya jirani kuja kusikiliza tu. Katumba nzima, kwa miaka mingi, msemaji alikuwa Melkiadi.

Siku moja akaja karakana binti anaitwa Goreti. Nilimjua tangu mdogo. Ni mtoto wa marehemu kaka yake Mzee, na Mzee ndiye aliyemlea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba mdogo hajambo?"

"Mwili hajambo, mama," akasema, na machozi yakaanza hapohapo. "Nimepata mchumba. Wageni wanakuja baada ya mavuno. Baba mdogo amesema hatasema. Amemtafuta jirani aseme badala yake."

"Amesema kwa nini?"

"Anasema mtu anayenong'ona hawezi kujibishana na wakwe, watamwonea huruma. Mama, baba yangu akiwa anakufa alimshika mkono baba mdogo, akamwambia, siku ya kumtoa huyu mtoto maneno yawe yako. Kila mtu kwetu anajua. Tangu augue hatoki hata kununua nyanya. Anakaa tu. Mimi nimesema, kama si yeye, wageni watarudi na kreti zao za soda."

"Maiki ya MC je?"

"Tulijaribu. Wakiongeza sauti inapiga mbinja, wakipunguza inasikika pumzi tu, kama nyoka ndani ya ndoo. Watoto walicheka. Aliiweka chini, akaenda kulala mchana."

Shija, sikusahau msaada wako. Ulisema vipaza sauti vipo vya kununua, vile vya walimu, unavivaa kiunoni. Ukaagiza Dar kikaja. Kilikuwa kizuri kwa mtu mwenye sauti. Kwa Mzee kilikuza pumzi yote, fuu, fuu, maneno yakazama humo. Kilihitajika kitu kinachopunguza ule upepo mzito na kunyanyua zile sauti nyembamba za ulimi na meno, maana mnong'ono wote unakaa huko. Kitu kama hicho hakikuuzwa. Kilitakiwa kutengenezwa.

Nikang'oa chipu kwenye spika ndogo ya bluetooth iliyokanyagwa na pikipiki, yenye miguu minane, inayotosheka na betri ya simu. Maiki nikatoa kwenye vile visikizio vya masikioni. Nikabadilisha kapasita moja ya kwenye njia ya maiki, ndiyo inayochuja mvumo, kwa ndogo zaidi, kisha ndogo zaidi tena, mpaka fuu ikapungua. Kasha lilikuwa la sabuni, lile la plastiki lenye kifuniko wanalobeba wanafunzi wa bweni, nikalitoboa kwa msumari wa moto ili spika ipumue. Chipu nikailaza chali juu ya nta. Ningeilaza juu ya nini kingine?

Nikaenda Katumba. Mzee alikuwa sebuleni, amekonda, amevaa koti lake. Hakutaka kujaribu. Alitaka kwanza kufungua. Akafungua kifuniko, akatoa lenzi yake ya zamani mfukoni, akaangalia mguu mmoja mmoja, mimi nimesimama kama siku ile ya cheti. Ndipo akakubali nimfunge maiki kwenye ukosi. Akasogeza midomo.

"Mwanafunzi," ikasema spika, "umezidisha risasi mguu wa tatu."

Jamani. Goreti aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mkewe Mzee akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza, "Nani kaongea?" Kisha akamwona, akakaa chini sakafuni na mwiko wake. Mimi nilikuwa natazama ukuta, kwa sababu sikutaka anione. Ilikuwa sauti kavu, ya redio iliyo mbali kidogo, lakini mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa yeye.

Akaongea mchana wote. Alimuuliza mkewe habari za mwaka mzima, akamkumbusha ugomvi wa zamani ambao alikuwa hajaumaliza. Mwisho akaniambia, "Weka swichi pembeni, niifikie kwa kidole. Mtu lazima aweze kunyamaza."

"Na taa ndogo je, ya kukuonyesha imewaka?"

"Taa kifuani? Mimi ni gari?"

Nikaweka swichi, bila taa.

Jumapili akaenda nayo kanisani. Baada ya misa walisimama uwanjani, jua la kabla ya mvua, mnalijua, lile linalokutafuta hata kivulini. Watu wakamzunguka. Akaanza kumtania rafiki yake mmoja, watu wanacheka, na katikati ya sentensi kifaa kikalia kwa ukali kama mbuzi aliyekanyagwa, kikanyamaza. Midomo yake ikaendelea peke yake. Goreti aliniambia kilichomuumiza si kile kimya. Ni wale watu, walivyoangalia chini wote kwa pamoja.

Kesho yake aliniletea lile kasha limefungwa kwenye leso. "Amesema asante, imetosha. Jirani atasema."

Nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga puani. Asali. Nta ilikuwa imeyeyuka, imetiririka pembeni ikagandia huko, na chipu imeteleza na kulalia ubavu, waya mmoja umekatika, miwili imeshikana. Kwangu mezani, chini ya feni, ilikaa vizuri siku nzima. Lakini ndani ya koti, kifuani kwa mtu, juani, na chipu yenyewe ikifanya kazi kwa nguvu zote na kujipasha moto tumboni, nta ingefanya nini? Fundi yeyote wa kwingine angeweka gundi bila hata kufikiri. Kosa lile lilikuwa letu sisi watu wa nta, sijui kama kuna wengine wangeweza kulifanya. Nililia pale mezani, Shija uliniona, ukajifanya unatafuta bisibisi. Nililia kwa sababu ya wale watu walioangalia chini.

Na nilikuwa naogopa kumwambia. Ufundi wa nta ulikuwa wake. Ndicho kitu cha kwanza alichonifundisha baada ya kufungua koili. Nikajikaza kisabuni, nikapanda bodaboda mpaka Katumba.

Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwekea kasha mbele yake, wazi. Akalinusa. Akagusa ile nta kwa kucha. Nikainamisha sikio.

"Mzee, nta imeshindwa," nikasema.

Akaimega ile nta iliyoganda, akaisugua kati ya vidole. Kisha ule upepo ukaja sikioni mwangu. "Nta ilikuwa ya redio za mezani," akanong'ona. "Mimi si meza. Tia gundi."

"Na utasema siku hiyo?"

"Tia gundi kwanza."

Nikatia. Ile ya mirija miwili, unachanganya kwenye kifuniko cha chupa, na unaiacha ikauke vizuri bila haraka. Halafu kuna siri nyingine ya kulaza chali ambayo watu hawaijui. Tumbo la chipu hizi za spika lina kibati kidogo, ndicho kinachotoa joto. Kiwandani kinagandishwa chini kwenye bodi. Kwetu kinaangalia juu, kiko huru. Nikakikatia ukanda wa shaba, nikauchomelea pale tumboni, nikaukunja uguse hewa ya matundu. Mguu wa tatu nikaupunguza risasi. Waya zote nikazipa viuno upya.

Na safari hii sikuijaribu mezani. Nililitia kasha mfukoni, nikavaa sweta juu yake, nikatembea na jua la saa saba kutoka Nsemulwa mpaka sokoni nikinong'onea ukosi wangu. Nilisoma majina ya maduka, nikauliza bei ya dagaa, nikaimba kidogo. Mama mmoja muuza mboga alimwambia mwenzake, "Masikini, na alikuwa mtu wa hospitali." Sikujali. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho na bado kinasema.

Siku ya wageni walifunga turubai uwanjani kwa Mzee, viti vya plastiki pande mbili vinatazamana. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Wengine walikuja kwa ajili ya Goreti, wengine, nasema ukweli, walikuja kuona itakuwaje. Mzee alikaa mbele, koti lake, kasha kwenye mfuko wa kifuani. Jirani aliyeandaliwa alikaa nyuma yake, tayari. Goreti alikuwa ndani ya nyumba, dirishani, nilimwona anashika pazia.

Msemaji wa upande wa kijana, mzee mrefu kutoka Mishamo, akasimama, akasalimu. Akasema wametoka mbali, kijana wao amekuwa akija huku kila wiki kutafuta spea ya pikipiki, basi na wao wamekuja kuona hiyo spea ni ya namna gani. Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Kisha wote wakamwangalia Mzee Melkiadi.

Jirani akaanza kuinuka. Mzee akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamkalisha. Nikasikia swichi, ka.

"Spea?" ikasema ile sauti kavu, na ikafika mpaka kwa watu waliosimama barabarani. "Hapa hatuuzi spea. Hapa tunauza mihogo. Njia mliuliza kwa nani?"

Turubai lote lililipuka. Yule mzee wa Mishamo mwenyewe alicheka mpaka akashika goti, na kicheko chake hakikuwa cha huruma, alikuwa amepata mtu wa kupambana naye. Akajibu kwamba mihogo pia wanakula. Mzee akasema huyo kijana amemwona kweli akizunguka huku, lakini hana hata spana, spea angeifunga na nini? Wakaendelea hivyo, huku na huku, jua linapanda, turubai linachemka. Mimi sikusikia hata nusu. Nilikuwa natazama ule mfuko wa koti tu, nanusa hewa kama mbwa, kama kuna asali. Hakukuwa na asali. Kulikuwa na pilau.

Mwisho Mzee akaacha utani. Akanyoosha koti lake, akageukia dirisha la nyumba. Kisha akasema, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Maneno haya yalikuwa yake kaka. Mimi aliniachia niyabebe, na nilifikiri nimeyaangusha njiani. Goreti mwanangu, toka nje wakuone."

Goreti akatoka analia, na wanawake wakapiga vigelegele, na mkewe Mzee alipiga vya kwake na vya marehemu shemeji yake, baba wa Goreti, pia, nadhani.

Tukala. Mzee alisogezewa kiti karibu na yule mwenzake wa Mishamo, wakawa wanakula kutoka sahani moja. Mimi nilikuwa mbali, pembeni na akina mama, nimevaa kitenge changu kipya, kile chenu cha kuniaga. Nikamwona mzee wa Mishamo anaonyesha kasha kwa kidole, anauliza jambo. Mzee Melkiadi akainama kama mtu anayetoa siri, akaweka mkono pembeni ya mdomo, akanong'ona sikioni mwake.

Swichi alikuwa hajazima. Na taa aliikataa mwenyewe.

"Hiki hakinunuliwi," spika ikatangaza juu ya masahani yote. "Kimetengenezwa na fundi wangu. Yule mama pale, wa kitenge cha kijani. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Watu wote wakageuka kuniangalia. Mzee aliendelea kutafuna, hajui lolote. Goreti akanyoosha mkono kwenye mfuko wa koti azime ile swichi, akaniangalia kwanza. Nikamkonyeza aiache.